Kabla ya Dripu ya Kwanza

Tuwan, Kitale
27 Mei 2024

Kwa Shemeji Mwalimu Wekoye,

Salamu kutoka Tuwan. Naamini uko mzima, na ule mguu uliokusumbua siku tuliyomzika mume wangu Barasa umepoa. Sisi tunaendelea. Mvua imenyesha mpaka mtaro wa nyuma ukaingia jikoni, lakini cherehani iliokoka. Nashona sare za shule na mashati ya kwaya ya kina mama. Joan jirani yangu, ambaye atakuletea barua hii akienda kuuza vitunguu sokoni Chwele, anasema ng'ombe wako mweusi ana mimba. Hongera.

Najua tangu nilipotoka hapo nyumbani baada ya matanga hatujaandikiana, na hatukuachana vizuri. Sitayarudia hayo leo.

Utajiuliza kwa nini karatasi, na simu iko. Simu anayo mwanangu Levi. Tangu augue anaishika kutwa, anasoma kila ujumbe unaoingia, hata wa chama changu cha akiba. Na jambo hili sitaki alisome juu juu.

Ule uvimbe wa shingoni ambao Joan alikuambia wakati wa Pasaka haukuwa wa mafua. Tulipelekwa Eldoret, wakakata kipande, wakapima. Ni saratani ya tezi za limfu. Nimeandika neno hilo na mkono wangu umetulia, usidhani silii. Daktari wake ni mama mmoja, anaitwa Sumeya. Anasema aina hii watoto wengi wanapona. Matibabu ya dripu, wanayaita kemo, yatachukua miezi kama sita, na dripu ya kwanza ni Jumanne, tarehe kumi na nane Juni.

Sasa shida. Kati ya dawa hizo kuna moja inayoweza kumwondolea uwezo wa kuzaa, maisha yake yote. Levi ana miaka kumi na moja, hajabalehe, kwa hivyo hana mbegu za kuwekwa akiba kama mwanamume mzima. Lakini kuna utafiti. Wanamlaza kwa dawa ya usingizi, wanachukua kipande kidogo cha korodani, kama punje ya mchele, wanakigandisha kwenye mtungi wa baridi kali. Akiwa mtu mzima, huenda wakajua namna ya kukitumia. Huenda. Daktari alilirudia neno hilo mara tatu ili nisije nikamlaumu. Na lazima kichukuliwe kabla ya dripu ya kwanza. Wametupa Ijumaa, tarehe kumi na nne.

Naona aibu kukuandikia mambo ya mwili wa mtoto wa ndugu yako. Lakini baba yake hayupo. Mimi naruhusiwa kusaini, ila Levi naye lazima akubali kwa kinywa chake, na amekataa kusema ndiyo wala hapana. Anasema anataka kusikia Baba Mkubwa amesema nini.

Tafadhali andika upesi.

Ni mimi,
Phelista, Mama Levi


Chwele, Bungoma
1 Juni 2024

Mama Levi,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Joan. Leo ni Madaraka, shule imefungwa, ndio maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Mguu ni ule ule. Ng'ombe alizaa juzi, ndama jike. Mahindi yamenifika kiunoni na mbolea ya kukuzia bado kuipata. Kanisani wamenichagua tena mzee wa kamati, nami nimechoka.

Habari za mtoto zimeniumiza sana. Nilikaa chini nilipozisoma. Kama kuna lolote la kubeba, nitabeba.

Lakini hayo mengine sikubaliani nayo. Kwanza, kuna mzee mmoja Kapsokwony, anaitwa Kiplangat, amewatibu watu uvimbe wa shingo kwa mizizi ya mlimani, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa hatazaa. Ungemjaribu kabla ya hizo dripu.

Pili, unajua huu ni mwaka wa embalu, na haurudi mpaka 2026. Levi aliniambia mwenyewe, Krismasi iliyopita, kwamba Agosti hii anaingia kwenye tohara na wenzake. Nimeshatenga fahali. Sasa unataka kisu cha kwanza kumgusa sehemu hiyo kiwe cha hospitali, na msimamizi awe daktari mwanamke? Mtoto huyo atarudi vipi mbele ya watu? Subirini Agosti ipite. Akishakuwa mwanamume, mfanye yenu.

Tena hao madaktari wanajuaje nani atazaa na nani hatazaa? Wanabahatisha. Na hata mtu asipozaa, anaishi. Mambo haya si ya kuandikiana.

Msalimie Levi. Mwambie Baba Mkubwa anamwombea.

Wekoye Khaemba


Tuwan, Kitale
4 Juni 2024

Shemeji,

Tunashukuru kwa maombi na kwa habari ya ndama. Levi alicheka, akasema aitwe Madaraka.

Nitajibu moja moja, kama ulivyoandika.

Mzee wa Kapsokwony, hapana. Daktari alinionyesha picha ya kifua. Kuna uvimbe mwingine kando ya njia ya hewa. Akilala chali anakohoa. Mizizi itamfanyia nini huyo?

Agosti, hapana. Agosti ni zaidi ya miezi miwili, na uvimbe huu haujui kalenda ya Wabukusu. Niliuliza pia kama anaweza kutahiriwa katikati ya kemo. Kidonda hakitapona, na damu inaweza kukataa kuganda. Embalu ya Levi ni mwaka 2026, tukiwa hai. Fahali wako atakuwa amenenepa zaidi.

Sasa nisikilize lile alilosema mtoto, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Juzi nilimkalisha, nikamwambia, "Hii si tohara. Ni kipande kidogo tu, hutasikia chochote."

Akasema, "Mama, Mukhisa alitahiriwa hospitali, na mpaka leo wanamwita Wodi."

"Nimekwambia si tohara."

"Si wewe ni mama? Wewe utajuaje?" Akageukia ukuta. Baadaye akaniuliza bila kugeuka, "Baba Mkubwa akikataa, ataniita wa nani?"

Jibu la hilo si langu. Wewe unalo. Zimebaki siku kumi. Usiponiandikia yeye atabaki amegeukia ukuta, na mimi siwezi kumlazimisha. Hata ningeweza, nisingemlazimisha.

Ati mtu asipozaa anaishi. Ni kweli, shemeji. Lakini wewe na mimi tumeona katika boma lile lile namna anavyoishi.

Phelista


Tuwan, Kitale
8 Juni 2024

Shemeji Mwalimu,

Salamu ni zile zile. Joan anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama hapo kwa muuza ndizi, ukaikunja, ukamwambia hakuna jibu.

Levi ameniuliza mara mbili leo kama Joan amerudi.

Kama umekasirika na neno langu la mwisho, nikasirikie mimi. Ijumaa haitusubiri.

Phelista


Chwele
11 Juni 2024

Mama Levi,

Joan alisema kweli. Niliikunja. Nyumbani nikaikunjua tena, na siku hizi zote nimekuwa nikiikunja na kuikunjua.

Nitakuandikia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata Barasa.

Nikiwa na miaka kumi na sita niliugua matubwitubwi. Mashavu yalivimba, kisha uvimbe ukashuka chini, mpaka sehemu za siri. Wiki mbili nilitembea kama bata na sikumwambia mtu kwa nini. Nikapona, nikasahau. Mwaka 1995 nikamwoa Wilkista. Mwaka wa nne bila mtoto, nilipanda gari peke yangu mpaka Kakamega nikapimwa. Mpimaji alikuwa kijana kuliko mimi. Akaniambia, "Mwalimu, hapa hakuna kitu." Akanipa karatasi. Nilikula chapati mbili hapo stendi, nikarudi, nikamwambia Wilkista nilikuwa kwenye mkutano wa walimu. Ile karatasi niliichoma.

Yaliyofuata unayajua, maana ulipoolewa uliyakuta. Dawa chungu ambazo mama yangu alimpa. Maombi ya kufunga. Dada zangu wakimwangalia tumbo kila Krismasi. Alizinywa zile dawa mbele yangu, akikunja uso, na mimi nikimpa maji ya kusukutua. Miaka kumi na tisa. Mwaka 2014 walipomwambia arudi kwao Lwakhakha, nilikuwa nimekaa kwenye kiti hapo hapo. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani kama mtu mwema. Aliniambia asante.

Kwa hivyo uliponiandikia kwamba kijana wetu huenda asizae, sikusoma habari zake. Nilisoma zangu. Nikaanza kusema embalu, nikasema Kapsokwony. Ningesema lolote.

Nimeomba ruhusa shuleni. Nitafika Tuwan Alhamisi asubuhi. Niache na Levi peke yetu kidogo, kisha twende Eldoret pamoja.

Barua hii ukishaisoma, fanya nayo utakavyo. Sitakuomba uichome.

Wekoye


Hospitalini, Eldoret
20 Juni 2024

Shemeji,

Natumai ulifika salama na shule uliikuta imesimama. Naandika nikiwa kando ya kitanda, kwa hivyo samahani kwa mwandiko.

Operesheni unajua ilienda vizuri, ulikuwepo mpaka alipoamka. Jumanne wakamtundikia dripu. Saa ya kwanza alikuwa akicheza gemu. Saa ya tatu alitapika mpaka nikaogopa. Sasa amelala na mdomo wake umeanza vidonda. Dr. Sumeya anasema ilitarajiwa. Watu hawa husema ilitarajiwa kama ndiyo dawa ya mama.

Nina jambo la kukiri. Alhamisi ile ulipoomba niwaache, nilisema naenda kwa Joan. Sikwenda. Nilisimama jikoni nyuma ya pazia.

Nilikusikia ukimwambia habari za matubwitubwi na safari ya Kakamega. Kisha Levi akauliza, "Iliuma?"

Ukasema, "Kuugua kuliuma wiki mbili. Kuficha kunauma mpaka leo."

"Na Mama Mkubwa Wilkista alijua?"

"Hapana."

"Kwa hivyo walimfukuza bure?"

Nilidhani utamkemea. Nilikuwa nimeshika sufuria kwa mikono miwili. Ukasema, "Ndiyo. Bure kabisa."

Akauliza tena kama watu watamcheka kwa kisu cha hospitali. Ukamwambia, "Atakayekucheka mlete kwangu. Nitamwambia mimi ndiye niliyesimama nawe. Na mwaka 2026 nitasimama nawe tena, kama mwenyewe utataka."

Ndipo nikasikia, "Sawa. Waambie wakate."

Sijui nikushukuru vipi kwa hilo, na sijui nikuangalie vipi kwa lile lingine. Yote mawili yako ndani yangu na hayapatani.

Kuna karatasi moja imebaki. Inauliza, mgonjwa akifariki, kile kipande kifanyweje. Kuna visanduku vitatu: kiharibiwe, kipewe watafiti, au kikabidhiwe jamaa. Wametupa mpaka mwisho wa Agosti. Nimeitia kwenye mkoba. Siwezi kuitazama.

Phelista


Chwele
29 Juni 2024

Mama Levi,

Nimefurahi kwamba dripu ya kwanza imepita. Huku tunapalilia mara ya pili. Nimewaambia watu wa kamati Levi anaugua, bila kutaja mengine. Wamechanga maombi na kuku wawili, Joan atakuletea.

Kuhusu karatasi ile, nimeifikiria sana, na naomba unisikilize bila hasira. Usitie alama kwenye kuharibu, wala kwenye watafiti. Andika kikabidhiwe jamaa. Barasa hakuacha mwingine. Mimi unajua nilivyo. Mungu apishe mbali, lakini mtoto akitutoka, kile kipande ndicho kitakachokuwa kimebaki cha nyumba ya baba yetu. Dunia inaenda mbio. Siku moja huenda wakaweza, na mwanamke wa kubeba mimba hatakosekana, nasikia siku hizi wanabebeana. Jina halitazimika.

Sisemi kwa ajili yangu. Nasema kwa ajili ya ndugu yangu.

Wekoye


Tuwan, Kitale
24 Agosti 2024

Mwalimu,

Wiki nane zimepita na sijakujibu. Haikuwa Joan. Ni mimi.

Nywele zote zimeisha, hata nyusi. Mwezi wa saba damu yake ilishuka, tukalala wodini siku kumi na mbili, joto likipanda na kushuka. Sasa tuko nyumbani. Njuga za embalu zinapita hapa Tuwan tangu asubuhi, vijana wamepakwa unga wanaalika jamaa zao. Levi huketi mlangoni na kofia yake akiwaangalia. Nikifunga mlango anaufungua.

Barua yako niliificha ndani ya kitambaa cha sare, cha kijani. Wiki iliyopita alitafuta kitambaa cha kufunika daftari lake. Nilirudi kutoka bombani nikamkuta amekaa chini, ameikunjua kwenye magoti.

Akasema, "Baba Mkubwa anasema nikifa."

Nikamwambia, "Hakumaanisha hivyo." Niliona aibu hapo hapo, kwa sababu ulimaanisha hivyo.

Akasema, "Hiyo karatasi iko wapi?"

"Ni ya watu wazima."

"Kipande ni cha nani?"

Nikampa. Aliisoma yote, polepole, na neno asilolielewa aliniuliza. Akachukua kalamu yangu ya kuchorea vitambaa, akatia alama kwa watafiti. Akasema kikimsaidia daktari kujua, mtoto mwingine atafaidi. Kisha akasema hili, na nakuandikia vile vile alivyolisema: "Nikiwa sipo, wasinitengeneze tena. Mimi si mbegu ya mahindi."

Aliandika jina lake chini, nami nikasaini. Tumeipeleka. Dr. Sumeya aliisoma, akamwita Levi ofisini kwake peke yake, wakazungumza kama nusu saa. Sikuuliza walisema nini.

Mwalimu, mimi nilihifadhi kile kipande ili siku moja Levi, akiwa mtu mzima, awe na uchaguzi. Sikukihifadhi ili nyumba yenu iwe na akiba. Mtoto bado anapumua na wewe tayari umempangia mwanamke. Wilkista alikuwa tumbo kwenu. Sasa Levi awe nini, debe la mbegu?

Ukitaka kumwandikia, mwandikie yeye. Anajua kusoma, kama ulivyoona.

Phelista


Chwele
15 Septemba 2024

Mama Levi,

Barua yako niliisoma shuleni, ofisini, nikafunga mlango. Hakuna neno hata moja ninaloweza kulifuta.

Ya Levi nimeiandika peke yake, iko ndani ya hii, nimeifunga kwa gundi. Humo nimemwomba msamaha kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Asipotaka kunijibu, asilazimishwe.

Kile alichosema mwanao hakikunipa nafasi ya kukaa. Jumatano iliyofuata nilipanda boda mpaka Lwakhakha. Wilkista ana kibanda cha nguo za mitumba karibu na mpaka, na chumba nyuma yake. Amezeeka vizuri kuliko mimi. Hakuuliza nimefuata nini. Alinipa chai.

Nilimwambia yote tangu Kakamega. Alikuwa akikunja sweta za watoto, akaendelea kukunja mpaka nikamaliza.

Akasema, "Mwaka gani hiyo Kakamega?"

"Tisini na tisa."

Akahesabu kwa midomo. "Basi miaka kumi na tano nilikunywa dawa, na wewe unajua."

"Ndiyo."

"Hapa kibandani umeniambia mimi. Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa, nilijua mwili wangu hauna kosa. Nenda uwaambie waliokuwa wamekaa siku ile niliyofukuzwa. Na mimi niwepo."

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, niliwaita dada zangu na wazee wa ukoo. Binamu yetu Wabwile alikuja pia, yule aliyemwandikia Wilkista barua ya kumrudisha kwao. Wilkista alikuja na mdogo wake, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nilisimama. Nimefundisha watu miaka thelathini na mbili, Phelista, lakini sauti yangu siku hiyo sikuitambua. Nilisema tatizo lilikuwa mimi, na nilijua. Dada yangu mkubwa alianza kusema, "Hayo ni ya zamani," na Wilkista akanyanyua kiganja. Hivyo tu. Dada akanyamaza.

Hakuna aliyemwomba msamaha siku hiyo ila mimi. Alisema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Akaondoka kabla ya chakula kupakuliwa. Sasa watu wananikwepa kwenye kamati, na nimejiuzulu kabla hawajaniondoa.

Hali ya Levi ikoje? Niandikie hata mstari mmoja.

Wekoye


Tuwan, Kitale
6 Januari 2025

Shemeji Mwalimu,

Heri ya mwaka mpya. Levi amerudi shule leo, na kofia. Nimeanza kwa hilo maana najua ndilo unalolitafuta kwenye karatasi. Dripu ya mwisho ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Desemba walipiga picha: shingo safi, kifua safi. Dr. Sumeya hakusema amepona. Alisema tumwangalie kila miezi mitatu, na miaka mitano ikipita atalisema neno hilo. Nywele zimeanza kuota, nyororo kama za kifaranga. Anakula kila kinachoachwa wazi.

Barua zako kwake anazo, ziko chini ya godoro. Najua mnaandikiana. Siulizi.

Mimi sikukuandikia muda wote huu kwa sababu uliyoyafanya Septemba yalinikalia vibaya. Wewe ulisimama, ukasema lako. Mimi nilikuwa na langu, na nilikuwa nikikuhukumu huku nimelikalia.

Levi alipozaliwa, siku ya tatu, Wilkista alikuja chumbani kwangu na bakuli la uji. Alinawa mikono, akainyoosha ampokee mtoto. Mama mkwe alikuwa amenionya ati mikono ya asiyezaa itamkausha mtoto. Nikasema, "Amelala, Mama." Levi hakuwa amelala. Alikuwa macho, anaangalia huku na huku. Wilkista aliona. Akaweka uji chini akatoka. Mwaka mzima alioishi nasi baada ya hapo sikumpa amshike hata mara moja. Nilikuwa mgeni, nilikuwa mdogo, naweza kusema hivyo. Lakini nilikuwa na akili zangu.

Kwa hivyo Jumamosi iliyopita nilienda Lwakhakha na Levi. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uje.

Alitukaribisha. Alimwangalia Levi kichwa, akamtuma dukani alete soda na sukari. Levi alipotoka nikamweleza Wilkista habari ya uji. Nililia, yeye hakulia.

Akasema, "Ulidhani sikuelewa? Nilirudi nyumbani nikanawa mikono tena. Nikajiona mjinga baadaye." Kisha akasema, "Umechelewa, lakini umekuja na miguu yako. Menya viazi."

Nikamenya. Tukapika. Levi alirudi, tukala, na soda ikafungua midomo. Alimweleza kuhusu operesheni bila aibu, kama mtu anayesimulia mpira. Alimwambia kuna kipande chake Eldoret kwenye baridi, huenda kikafanya kazi na huenda kisifanye, hakuna anayejua. Halafu, shemeji, akamwuliza pale pale mezani: "Mama Mkubwa, wewe ungekuwa na watoto?"

Nilitamani kumfinya chini ya meza. Wilkista aliweka kijiko chini.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Aliyejua hakuniambia, na miaka ikapita. Sikupewa nafasi ya kuchagua."

Levi alimaliza kutafuna.

"Mimi waliniuliza," akasema.

Wilkista akamwongezea kiazi.

Phelista